Tusekile Anairuka Fa

Usiku wa jana niliota vidole vimekuja darasani bila wenyewe.

Viliingia kwa mstari, namna ninavyowafundisha watoto wangu kuingia, bila kusukumana, na kila kimoja kikajipangusa kwenye gunia la mlangoni. Sijui kilipangusa nini maana kidole hakina mguu, lakini gunia lilibaki na tope. Kila kidole kilivaa fulana yenye namba. Gumba moja, cha shahada mbili, cha kati tatu, cha pete nne, kidogo kabisa tano. Kwenye piano ndivyo tunavyoviita, kwa namba.

"Shikamoo, Mwalimu Subi."

"Marahaba. Wenyewe wako wapi?"

"Wako nyumbani wanakunywa uji," kikajibu kidole gumba kimoja kinene. "Wamesema tutangulie tukajifunze. Tukishajua, watakuja."

Hapo nikashuku. Vidole kuongea sikuona ajabu. Nilishuku kwa sababu vimewahi. Watoto wangu hawajapata kuwahi hata siku moja.

Nieleze kidogo, maana ndoto yenyewe haikueleza kitu. Mimi naitwa Subilaga, nafundisha piano watoto wadogo kwenye shule ya muziki ya mtaa wetu hapa Tukuyu. Shule yenyewe ni ghala la zamani la kahawa, madirisha yalitobolewa baadaye. Nimeishia darasa la saba. Piano nilijifunza kanisani, kwa kusimama nyuma ya mpiga kinanda mpaka akachoka kunifukuza. Mkuu wa shule ni Mwalimu Ambokile. Yeye anafundisha wakubwa, na tarumbeta, mimi ananiachia wale ambao wakikaa miguu haifiki chini.

Piano tunayo moja. Huku kwetu mvua hainyeshi ikaacha, inanyesha ikapumzika, na unyevu ukiingia kwenye piano vibao vinavimba vinagoma. Kwa hiyo fundi aliyetoka Mbeya alituwekea balbu ndogo ndani, inawaka usiku na mchana ili pawe pakavu. Akakaza skrubu, akasema pasifunguliwe ovyo. Hatujafungua.

Halafu yuko Tusekile. Tuse ana miaka sita na meno ya mbele hana. Wimbo wetu wa kupanda ngazi anaujua kuliko wote, do, re, mi, fa, so, kisha unashuka. Anaupiga vizuri, ila akifika kwenye fa anairuka. Anainua kidole cha nne, anakipitisha hewani, anatua kwenye so, na pale pa fa panabaki shimo. Mwanzo nilidhani hajui. Baadaye nikadhani ni jeuri. Halafu nikaanza kumwangalia. Kabla hajapiga, analaza shavu juu ya vibao, anatulia kidogo, ndipo anakaa sawa. Ukimuuliza anasikiliza nini, anaangalia dirishani kama vile umemwuliza habari za dirisha.

Mwalimu Ambokile amekwisha kusema lake. "Jumamosi, siku ya wazazi, asubuhi kabla hawajafika, nitamsikiliza mara moja. Akiruka fa, Subi, huyo mtoto aende nyumbani, na asirudi. Piano ni moja, wanaoisubiri ni wengi."

Jana ilikuwa Ijumaa. Nililala na hilo kichwani. Sasa turudi kwenye vidole.

Nikaanza kukagua kucha, kama kila siku. Zote zilikuwa safi mno. Hilo nalo nikaliweka moyoni. Nilipofika kwenye kidole kimoja cha nne, chembamba, kikajificha nyuma ya cha tano.

"Toka hapo. Wewe wa nani?"

"Wa Tusekile, mkono wa kulia."

"Nilijua. Mbona fa huibonyezi?"

"Mimi natumwa tu, mwalimu."

"Na nani?"

"Na sikio."

"Sikio lilikwambia nini?"

Kikajikunja kidogo kama kinachofikiri. "Mimi kidole, mwalimu. Sisikii."

Vingine vikacheka. Kidole cha tano cha mtoto mwingine kikasema, "Huyo mvivu tu. Namba nne wote wavivu, si mwalimu mwenyewe anasema?"

Kweli nasema. Kila wiki nawaambia watoto kwamba kidole cha nne ni mvivu, lazima kiamshwe. Lakini nikajiuliza, kama vidole havisikii, huyu wa tano amenisikiaje? Nikamwangalia. Akajifanya anakagua ukucha wake.

Nikasema basi, tuanze somo. Nikagawa maparachichi.

Hili nalo ni la darasani kwetu. Mkono wa piano hautakiwi kulala kama chapati. Nawaambia watoto waukunje kama umefunika parachichi, na asiyeelewa nampa parachichi lenyewe alifunike. Kwenye ndoto kila mkono ulikuwa na lake, ingawa mikono haikuwepo, vidole tu. Vikayazunguka maparachichi, vikainama.

"Msinibonyeze," parachichi moja likasema.

"Hakuna anayekubonyeza," nikaliambia. "Umefunikwa."

"Ndivyo wanavyoanza. Hata sokoni wanaanza hivyo hivyo. Anakuja mama, ananibonyeza, anasema hili bado. Anakuja mwenzake, ananibonyeza. Mpaka jioni nimelainika kwa kubonyezwa, wala siku zangu hazijafika. Na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi."

"Parachichi lipigiwe hodi? Kwani ndani yuko nani?"

Likanyamaza. Likawa parachichi tu, la kijani, lenye kikonyo. Niliona wazi kwamba limenyamaza makusudi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Ambokile. Shingo yake ilikuwa inainama kushoto, halafu kulia, halafu kushoto, ta, ta, ta, ta, sawasawa na kile kijiti cha kupimia mapigo anachokiweka juu ya piano. Tai ilikuwa inamfuata kwa kuchelewa. Akawa anasema neno moja kila upande.

"Subi. Huyo. Hana. Sikio."

"Anayo mawili, mwalimu. Na hereni za uzi."

"Hana. La. Kufaa. Piano."

"Kwani umemwuliza kwa nini anaruka?"

"Muziki. Hauulizwi. Muziki. Unahesabiwa."

Kumjibu mtu ambaye kichwa chake hakikai mahali pamoja ni kazi. Nikaacha kumwangalia usoni, nikamwangalia mikono. Mmoja ulikuwa nyuma ya mgongo.

"Umeshika nini huko, mwalimu?"

"Sukari. Ya. Chai. Wageni."

Akaitoa mbele nione. Ilikuwa pakiti ndogo yenye picha ya fuvu la kichwa. Fuvu likanikonyeza.

"Sukari hii ina fuvu," nikamwambia.

"Ni. Sukari. Kali. Kidogo."

Nikainusa kwa mbali. Nilikuwa tayari kusema neno, lakini akainua mkono, akatamka ile kanuni iliyoandikwa ukutani kwetu kwa chaki, "Haturuki. Noti. Hata. Moja." Alipomaliza neno la mwisho, ukuta wenye hiyo kanuni ukaondoka. Haukuanguka. Uliondoka tu, kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine.

Nikageuka kwenye piano. Juu ya vibao limelala sikio.

Ni dogo, na tundu lake lina kijiuzi cha njano. Ni la Tuse, kijiuzi hicho nilimfungia mimi. Limelala pale pale anapolaza shavu, na limetulia kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

"Unasikia nini?" nauliza.

Sikio halijibu. Ndipo naelewa tatizo lilipo. Kidole kinasema lakini hakisikii. Sikio linasikia lakini halisemi. Na mwenye vyote viwili anakunywa uji nyumbani, au ndivyo nilivyoambiwa. Nani aliwapanga hivi? Naona kabisa kuna mtu amewatenganisha hawa ili nisipate jibu.

Nalichukua sikio, naliweka kwenye mfuko wa sweta. Ninapoinua kichwa, hatupo tena ghalani.

Tupo Kiwira, pale mto unapopita kwa kelele kati ya mawe. Juu ya mto kuna daraja la mbao nyeupe, moja baada ya nyingine, na katikati yake vimechomoza vijiti vyeusi vya kushikia. Ng'ambo wamekaa wazazi. Wamevaa nguo za kanisani na wameshika miavuli, ingawa mvua haipo. Mwalimu Ambokile amesimama mwisho wa daraja, shingo inakwenda kushoto, kulia, na pakiti yake mkononi.

Tuse yuko mbele yangu, anavuka. Kila ubao akiukanyaga unataja jina lake.

"Do," unasema wa kwanza.

"Re."

"Mi."

Halafu Tuse anakunja gauni, anaruka. Anatua kwenye so. Ubao wa nne haujasema kitu.

Ng'ambo wanaanza.

"Gwe, wewe! Ndiye yule wa kuruka?"

"Ndiye huyo. Bibi yake naye alikuwa anaruka foleni ya kisima."

"Usimseme bibi yake, yupo nyuma yako."

"Nipo," anasema bibi yake Tuse, mwanamke mfupi mwenye mwavuli mkubwa. "Na kisima nilikichimba mimi. Nipange foleni kwenye shimo langu?"

Wanacheka. Mimi sicheki. Namwangalia Tuse amesimama peke yake kwenye so, amejishika masikio kwa mikono miwili, na naona upande mmoja hana, anashika nywele tu. Mwalimu Ambokile anasema, "Rudi. Nyumbani. Moja. Kwa." Hana nafasi ya "moja" ya pili mpaka shingo irudi, kwa hiyo sote tunasubiri.

"Moja," anamalizia.

"Ngoja kwanza," nasema. "Mimi sijavuka."

Naingia darajani. Do inasema do. Re inasema re. Mi inasema mi. Nainua mguu niukanyage wa nne, na mguu unakataa wenyewe. Nauweka kwa ncha ya kidole tu. Ubao hauko kama wenzake. Ni wa vuguvugu. Unalainika kidogo chini, na kutoka huko unatoka mlio, mwembamba, kama mlango wa kabati la mwanasesere.

Huo si mlio wa fa. Fa ninaijua.

Fa yetu siku hizi ilikuwa nzito. Watoto wengine wakiibonyeza ilikuwa inatoa sauti ya kikohozi, na mimi nilikuwa nasema ni unyevu. Kila kitu Tukuyu tunasema ni unyevu. Sasa nimesimama juu ya daraja na nauona unyevu unapumua.

"Subi. Unachelewesha. Mapigo. Yangu."

"Yahesabu tu, mwalimu, nakuja."

Napiga magoti. Nalaza shavu juu ya ubao, kama anavyofanya Tuse. Sisikii kitu. Nakumbuka lile sikio mfukoni, nalitoa, naliweka kati ya shavu langu na ubao. Hapo nasikia. Ni watu wanapumua, wengi na wadogo, hawapumui kwa pamoja.

Napiga hodi. Nagonga ubao kwa kifundo cha kidole, polepole.

"Karibu," sauti inajibu kutoka chini. "Ila uvue viatu, watoto wamelala."

Nanyanyua ubao kama kifuniko cha sufuria, nateremka.

Ndani kuna jua. Linaning'inia kwa waya na lina maandishi madogo yanayosema wati ngapi. Ni joto zuri, la kukaushia nguo. Kuta zimebandikwa karatasi zilizotafunwa pembeni, na kwenye kipande kimoja nasoma sehemu ya tarumbeta ya pili, ile ambayo Mwalimu Ambokile aliitafuta darasa zima akamlaumu kijana wa tarumbeta. Chini wametandika kitanda cha sufu nyekundu, na juu ya kitanda wamelala watoto wa rangi ya waridi, macho hayajafunguka. Mama yao amekaa pembeni amejitanda kipande cha ile ile nyekundu. Ni panya. Ana sura ya mtu aliyekosa usingizi, ninaijua, nimeiona kwa wazazi wa watoto wangu wa Jumatatu.

"Shikamoo, mwalimu," ananiamkia.

"Marahaba. Nyinyi mnafanya nini humu?"

"Tunakaa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Si mlituwekea jua?"

"Lile si jua. Ni balbu, na tuliiweka kwa ajili ya piano."

"Piano inaona baridi?"

"Inaingia unyevu."

"Hata sisi tunaingia unyevu," anasema.

Nageuka, na nani amekaa kwenye kona, magoti yamegusa kidevu, anakula punje za mkate? Tuse. Sikio lake limesharudi mahali pake, sikuona saa ngapi.

"Uji umeisha?" namwuliza.

"Umeisha."

"Kumbe unakujaga huku."

"Siji huku, mwalimu. Nasikiliza tu."

"Na mbona hukuniambia?"

Anaangalia pembeni atafute dirisha. Humu hamna dirisha, kwa hiyo inabidi aniangalie mimi.

"Bibi alimwambia jirani kuna panya jikoni," anasema. "Jirani akaleta dawa. Asubuhi walikufa wote. Na paka."

"Sasa mimi ni jirani?"

"Ningekuambia, ungemwambia nani?"

Nafikiri. Sipendi kumdanganya mtoto hata ndotoni. "Ningemwambia Mwalimu Ambokile."

"Ehee," anasema Tuse, na anakula punje nyingine.

Yule mama anawafunika watoto wake vizuri. "Paa letu lina tabia mbaya," ananieleza. "Linashuka. Mchana kila mkikusanyika hapo juu mkaimba, linashuka. Mwanzo tulidhani ni mvua, kumbe ni elimu. Likishuka tunajibanza huku na huku, na hawa hawajui kujibanza, wanalia. Anayesikia ni huyu mmoja asiye na meno. Akikaa yeye, tunajua sasa tutapumua kidogo. Anapanda, anafika hapa, anapita juu kama mtu anayevuka mgonjwa aliyelala mlangoni."

Namwangalia Tuse. Tuse anaangalia magoti yake.

Mimi ni mtu wa kuangalia kabla ya kusema, watu wote wananijua hivyo. Nimemwangalia mtoto huyu akilaza shavu siku zote hizo, nikamshuku yeye, nikashuku kidole chake, nikashuku hata parachichi. Kuinama tu sikuinama.

"Leo anasikilizwa," namwambia yule mama. "Akiruka, hatarudi tena. Atakuja mwingine mahali pake, na huyo mwingine atabonyeza."

"Tunajua. Fuvu limepita kutupa salamu."

"Basi hameni."

"Tuhame vipi? Hawa hawajafungua macho. Mlango nyinyi mmekaza skrubu. Mimi mwenyewe napita kwenye ufa, na ufa hauchukui mtoto mdomoni." Anasimama, anachomoa uzi mmoja kutoka kwenye kitanda, mwekundu, mzito. "Lete kidole. Si hicho. Huyo mvivu."

Nampa cha nne. Anauzungusha uzi, anafunga fundo kwa meno.

"Wa nini?"

"Wakubwa wakiamka wanasema ilikuwa ndoto."

"Kwani hii si ndoto?"

"Kwako. Sisi tunakaa hapa."

Juu, mbali kidogo, kitu kinasema, "Do."

Tuse anaacha kutafuna.

"Re," kinasema kitu, karibu zaidi, na vumbi linamwagika kutoka darini. Ni Mwalimu Ambokile anavuka daraja. Anakanyaga kila ubao, haruki hata mmoja, maana ndiyo kanuni. Nasikia na pakiti yake inachezacheza.

"Mwalimu!" naita. "Simama hapo! Usikanyage wa nne!"

"Haturuki," anajibu kutoka juu. "Noti."

"Hata ukisimama hujairuka!"

"Hata."

"Mi," unasema ubao.

Watoto wa waridi wameanza kulia, ule ule mlio wa kabati la mwanasesere, mara nyingi. Mama yao amewalalia. Tuse amenyoosha mikono yake miwili juu, lakini ni mfupi, haifiki, hata akisimama kwa ncha za vidole. Paa linaanza kushuka. Linashuka bila haraka, kama linavyoshuka kwa mtoto aliyefundishwa vizuri.

Nanyoosha mkono. Gumba linatangulia, linasema lenyewe kazi yake ni do. Cha shahada kinasema re. Cha kati kinasema kimeshamaliza zamu. Kidogo kinasema so haijafika. Vyote vinajikunja kwenye kiganja, vinaniachia kimoja.

Basi nakisimamisha cha nne, peke yake, na uzi wake mwekundu, nakiweka chini ya paa.

"Moja," anasema Mwalimu Ambokile, na uzito wake wote unakuja.

Nikaamka.

Nilikuwa nimelala chali, mkono wa kulia uko hewani, kidole cha nne kimesimama na vingine vimekunjwa. Kiliuma mpaka kwenye kiwiko. Kulikuwa kumeanza kupambazuka na mvua ilikuwa imepumzika. Nikasema ilikuwa ndoto. Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, kama wakubwa wanavyosema. Halafu nikanyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji.

Kwenye kidole kulikuwa na uzi. Mwekundu, mzito, umezungushwa mara moja, na fundo lake ni dogo mno, siwezi kulifunga mimi wala mtu yeyote mwenye mikono.

Mimi sina nguo nyekundu. Blanketi langu ni la kijivu, na sweta ni ya bluu. Rangi ile niliwahi kuiona mara moja tu, siku fundi wa Mbeya alipoifungua piano. Chini ya vibao vyote kumetandikwa kitambaa kizito chekundu, ili vikishuka visigonge mbao. Akanionyesha, akakaza skrubu.

Nikatafuta bisibisi. Nikavitoa viatu vyangu vya kanisani kwenye boksi lao, nikalitoboa matundu kwa uma, nikatandika soksi ya sufu. Mwalimu Ambokile siku ya wazazi huwa anawahi, na kama ile pakiti ipo kweli au haipo, nilikuwa sijui. Nikatoka bila kunywa chai.

Kwao Tuse ni nyuma ya ghala. Nilipokata kona nilimwona amekaa mlangoni mwa shule, juu ya gunia, na gauni lake la siku ya wazazi. Kandambili alikuwa amezivua, amezipanga kando. Amewahi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Tuse."

Akaangalia kidole changu. Akaangalia boksi.

"Lina matundu?"

Nikaliinamisha ayaone. Akayapitia yote kwa kidole, cha nne, moja baada ya jingine, hakuruka hata moja. Akanyanyuka, akapokea bisibisi. Mimi nikainama nikavua viatu.